Kamusi ya kilimo ndani ya flashi: shajara ya mradi, Muheza

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeanza rasmi leo. Ninachotaka ni hiki: bwana shamba akiwa kijijini, kwenye zile kona za Usambara Mashariki ambako mtandao unakamata mahali pamoja tu, aandike jina la zao, mdudu au ugonjwa kwa Kiswahili, apate dhana yake ikiwa kamili. Jina la kitaalamu, majina mengine, iko chini ya kundi gani, inahusiana na nini. Asihitaji intaneti wala seva, na laptopu iwe yoyote ya mtumba.

Data yenyewe ipo. Ni AGROVOC, hazina ya istilahi za kilimo ambayo FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) imekuwa ikiitunza tangu miaka ya 1980. Ina dhana zaidi ya 40,000 kwa lugha zaidi ya 40, Kiswahili kikiwamo, na hutolewa bure kwa sharti la kutaja chanzo. Imeandikwa kama data unganishi, maana yake kila dhana ina anwani yake. Mahindi ni http://aims.fao.org/aos/agrovoc/c_12332. Uyaite mahindi, uyaite kwa Kifaransa au kwa Kithai, anwani haibadiliki.

Data unganishi haihitaji elimu kubwa kuielewa. Sarufi tuliyosoma shule inatosha: kila taarifa ni kauli yenye kiima, kiarifu na yambwa. Dhana ile (kiima) ina jina (kiarifu) mahindi (yambwa). Kauli moja, mstari mmoja, nukta. Shida ni kwamba mistari ni mamilioni, na kila mstari unarudia zile anwani ndefu tangu herufi ya kwanza. Mwaka jana nilijaribu kulipakia faili zima kwenye kumbukumbu ya Python, laptopu yangu ya RAM giga 4 ikaganda, nikalazimika kuizima kwa kitufe.

Safari hii nakwenda na HDT. Herufi hizo tatu ni vifupisho vya majina ya Kiingereza ya sehemu tatu za faili: kichwa (Header), kamusi (Dictionary) na kauli (Triples). Umbizo hili lilitoka kwa watafiti wa Valladolid huko Hispania, wa Chile na wa Galway huko Ireland, likawasilishwa W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2011. Kilichonivutia si kwamba linabana data, maana hata zip inabana. Ni kwamba likishabanwa unaliuliza hivyo hivyo, bila kulifungua kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Kusakinisha. Nimefunga, kwa hiyo kazi ya kichwa nimeifanya asubuhi kabla jua halijawa kali.

Mashine ina Ubuntu 20.04. Nimechagua toleo la C++, linaloitwa hdt-cpp, kwa kuwa ni jepesi kuliko lile la Java. Kwanza vifaa vya ujenzi:

sudo apt install build-essential autoconf automake libtool pkg-config zlib1g-dev

Kisha:

git clone https://github.com/rdfhdt/hdt-cpp.git
cd hdt-cpp
./autogen.sh
./configure

Hapo ikakwama. Ililalamika kwamba haioni Serd, maktaba inayosoma maumbizo ya RDF (mfumo wa kuandika data unganishi kwa kauli) kama N-Triples na Turtle. Nilishangaa, kwa sababu nilikwisha kuangalia na libserd ilikuwapo. Imenichukua karibu saa nzima kugundua kwamba niliyokuwa nayo ni ile ya kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa. Anayejenga mwenyewe anahitaji kifurushi chenye mkia wa -dev:

sudo apt install libserd-dev

Baada ya hapo ./configure ikapita yote. Nikaandika make -j4 ili viini vyote vinne vya prosesa vifanye kazi pamoja. Nilikosea. Kila kiini kilianza kutafuna kumbukumbu yake, mashine ikawa nzito hata mshale wa kipanya hausogei. Nimesitisha, nikaanza upya kwa make peke yake. Polepole, lakini ilifika mwisho kabla ya adhuhuri. Kwa yeyote mwenye RAM giga 4 nashauri asiharakishe.

sudo make install ikapita. Nikaita rdf2hdt nione maelezo yake, nikajibiwa kwamba libhdt.so.0 haipatikani. Hili ni dogo: maktaba imewekwa /usr/local/lib na mfumo haujaambiwa. sudo ldconfig, kwisha.

Nimeandika yote haya kwa urefu kwa makusudi. Nilipoanza kutafuta, sikukuta maelezo ya Kiswahili ya kusakinisha kitu hiki, na makosa haya matatu ndiyo yatakayomkuta mtu wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Kupakua AGROVOC. Kifurushi cha data kilikatika mara mbili njiani. Mara ya kwanza sikujua kwamba kimekatika, nikafungua zip na kupata malalamiko ya faili bovu. wget -c inaendelea pale ilipoishia, badala ya kuanza mwanzo. Nimepakua lile faili la msingi katika N-Triples. Hakuna zaidi leo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima umeme haukuwapo, nikakaa na karatasi. Naona ni siku yenye faida kuliko zote mpaka sasa, kwa sababu nimeielewa HDT kwa mkono.

Nilijitungia kauli tano. Mahindi ni aina ya nafaka. Mahindi yana jina "mahindi" kwa Kiswahili. Mahindi yana jina "maize" kwa Kiingereza. Mpunga ni aina ya nafaka. Mpunga una jina "mpunga" kwa Kiswahili.

Hatua ya kwanza ni kamusi. Kila neno linaandikwa mara moja tu na kupewa namba, kwa mpangilio wa alfabeti. Viima: mahindi 1, mpunga 2. Viarifu: aina 1, jina 2. Yambwa: "mahindi" 1, "maize" 2, "mpunga" 3, na anwani ya nafaka 4. Nafaka imekuja mwisho kwa sababu maneno ya kawaida huanza na alama ya nukuu, na alama hiyo hutangulia herufi zote. Kamusi halisi ina chumba cha nne pia, cha maneno yanayotumika kama kiima mahali pengine na kama yambwa mahali pengine, ili yasiandikwe mara mbili.

Kauli zangu zikawa namba tupu: 1 1 4, 1 2 1, 1 2 2, 2 1 4, 2 2 3.

Hatua ya pili ni kuondoa marudio yaliyobaki. Kiima 1 kinajirudia mara tatu bila sababu. Basi viima haviandikwi kabisa. Zinaandikwa orodha mbili. Ya viarifu: 1 2 1 2. Chini yake mstari wa biti: 0 1 0 1, ambapo 1 maana yake "hapa kiima hiki kimeishia". Ya yambwa: 4 1 2 4 3, na biti zake 1 0 1 1 1, ambapo 1 maana yake "hapa yambwa za kiarifu hiki zimeishia". Soma kwa kidole: kiima cha kwanza kina viarifu 1 na 2, kiarifu 1 kina yambwa 4, kiarifu 2 kina yambwa 1 na 2. Kiima cha pili kina 1 na 2 tena. Yambwa zake 4, kisha 3. Kauli zote tano zimerudi, hakuna iliyopotea.

Nilizichora kwenye daftari la hesabu la binti yangu, nikamwita nimwonyeshe. Ana miaka kumi na mmoja, akazisoma bila kukosea.

Kamusi nayo inabanwa kivyake. Anwani ya mahindi ina herufi 39. Ikifuatiwa na anwani inayoishia c_12333, herufi 38 za mwanzo ni zile zile, basi hifadhi huandika "38, kisha 3". Ikifuatiwa na inayoishia c_12340, huandika "37, kisha 40". Kila baada ya majina machache huandikwa moja kwa ukamilifu, ili anayetafuta apate pa kuanzia asilazimike kusoma tangu mwanzo wa kitabu.

Hili la kuhifadhi mwanzo unaofanana linakaa vizuri na Kiswahili. Lugha yetu huweka ngeli mbele ya neno. Kilimo, kilima, kilimia, mbegu, mbogamboga, mbolea, maharage, mahindi. Ukipanga kwa alfabeti, majirani wanagawana mwanzo wao karibu wakati wote.

Na kuhusu faida ya kutorudia: kiarifu cha jina katika AGROVOC ni http://www.w3.org/2008/05/skos-xl#prefLabel. Herufi 43, zinazoandikwa upya kwenye N-Triples kila dhana inapotajiwa jina lake kwa kila lugha. Katika HDT ni namba moja ndogo.

Jumatano, 12 Machi

Kubana. Amri ni fupi:

rdf2hdt -f ntriples -p agrovoc.nt agrovoc.hdt

Hiyo -p inaonyesha maendeleo. Niliiacha ikienda nikaenda kuswali, niliporudi nikakuta neno moja kwenye terminali: Killed. Mfumo umeiua kwa kukosa kumbukumbu. Hapa kuna jambo ambalo watu hawaambiwi mapema: faili la HDT likishakuwa tayari linahitaji kumbukumbu kidogo sana kulitumia, lakini kulitengeneza kunahitaji nyingi, kwa kuwa maneno yote lazima yapangwe pamoja kabla hayajapewa namba. Mpishi anahitaji jiko kubwa kuliko mlaji.

Njia zilikuwa mbili. Kuongeza swap (sehemu ya diski inayotumika kama kumbukumbu) na kuiacha usiku kucha, au kupunguza data. Nimechagua ya pili, na sababu si kumbukumbu peke yake. Bwana shamba wa Muheza hahitaji majina ya Kikorea. Katika AGROVOC kila jina lina anwani yake yenye alama ya lugha ndani, kama xl_sw_ au xl_en_, na kwa kuwa N-Triples ni kauli moja kwa mstari, grep peke yake inatosha kuchuja:

grep -vP 'agrovoc/xl_(?!sw_|en_|fr_)' agrovoc.nt > ndogo.nt

Yaani tupa kila mstari unaotaja jina la lugha isiyo Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa. Kifaransa nimekiacha kwa ajili ya wenzetu wa Burundi na Kongo, ambao vitabu vyao vya kilimo viko katika lugha hiyo na mashambani wanazungumza Kiswahili.

Mara ya pili rdf2hdt ilimaliza bila kusumbua. Faili la HDT ni sehemu ndogo tu ya lile la maandishi. Limeingia kwenye flashi nililokuwa nimeweka picha za harusi, na picha zimebaki.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeuliza swali la kwanza.

hdtSearch agrovoc.hdt

Mara ya kwanza inachelewa kidogo kwa sababu inatengeneza faili la pili, la indeksi, pembeni ya lile la kwanza. Nimeelewa sababu yake kutokana na zoezi la Jumamosi. Kauli zimepangwa kwa kiima. Ukiuliza "mahindi yana nini" unaenda moja kwa moja. Ukiuliza "nani ana jina hili" unaanzia kwenye yambwa, na bila indeksi ungelazimika kupekua orodha nzima. Faili hilo la indeksi ni lazima lisafiri pamoja na mwenzake kwenye flashi. Flashi ikiwa imefungwa isiandikwe, kompyuta ya kijijini haitaweza kujitengenezea.

Nikaandika anwani ya mahindi ndani ya mabano yake ya pembe, kama inavyoandikwa kwenye N-Triples, na alama za kuuliza mbili. Majibu: sifuri. Nikajaribu tena. Sifuri. Nilianza kuogopa kwamba grep yangu imetupa kila kitu. Kumbe HDT huhifadhi anwani bila mabano. Hivi ndivyo:

http://aims.fao.org/aos/agrovoc/c_12332 ? ?

Majibu yakamwagika. Kundi lake, uhusiano wake na dhana nyingine, tarehe za kuhaririwa, majina.

Majina, lakini si maneno. Nilitegemea kuona "mahindi"@sw, nikaona anwani nyingine inayoanza na xl_sw_. AGROVOC inatumia SKOS-XL, ambamo jina lenyewe ni kitu kinachojitegemea: lina tarehe yake na historia yake. Kutoka kwenye dhana unakwenda kwenye jina, kutoka kwenye jina unakwenda kwenye maandishi, kwa kiarifu kinachoitwa literalForm. Hatua mbili. Mwanzoni iliniudhi, sasa naona busara yake. Neno la Kiswahili la zao lina asili yake na mahali linaposemwa, na linastahili kuwa na mahali pa kuandikiwa hayo.

Kwa njia ya kurudi:

? ? "mahindi"@sw

Likapatikana jina. Kutoka kwenye jina, dhana. Nimesimama, nimetembea uani, nimerudi nikauliza tena ili nihakikishe.

Jumanne, 18 Machi

hdtSearch inanitosha mimi, haimtoshi bwana shamba. Nahitaji Python.

pip install rdflib-hdt inajenga msimbo wa C++ papo hapo, kwa hiyo inadai vitu viwili viwe tayari kabla: python3-dev, vinginevyo itakosa Python.h, na pybind11. Nimesakinisha pybind11 kwanza, amri yake peke yake, kisha rdflib-hdt. Ukiziweka pamoja kwenye mstari mmoja inaweza kuanza kujenga kabla pybind11 haijafika.

from rdflib_hdt import HDTDocument
kubwa = HDTDocument("agrovoc.hdt")
kauli, idadi = kubwa.search((dhana, None, None))

Idadi ya majibu inarudi hapo hapo, kabla hujasoma hata jibu moja. Kwangu hiyo ni zawadi, maana naweza kumwambia mtumiaji "yako mengi, ongeza herufi" bila kumsubirisha.

Nilijaribu pia SPARQL, lugha ya kuulizia maswali marefu, kwa kuifungua HDT kama hifadhi ya rdflib, maktaba ya Python ya RDF. Inafanya kazi, lakini swali la hatua nne lilikokota. Kuna kitendo cha optimize_sparql kinachosaidia. Hata hivyo nimeamua kuandika hatua zangu mwenyewe kwa search. Ninajua ninakoanzia, yaani kwenye neno, na neno huwa na majibu machache. Ukianza na kichache, kila hatua inayofuata ni nyepesi. Kompyuta haipaswi kukisia jambo ninalolijua.

Ijumaa, 21 Machi

Leo Mzee amekuja baada ya futari. Alikuwa bwana shamba wilaya hii hii mpaka alipostaafu, na bado watu humpelekea majani ya mihogo nyumbani kwake.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nionyeshe hicho kitu chako."

Akaandika viazi ulaya. Hakuna jibu. Akaandika mbatata. Hakuna. Akanitazama. Nikamweleza kwamba si kila dhana ya AGROVOC ina jina la Kiswahili, na iliyo nalo si lazima iwe na majina yetu yote. Akasema: "Hapa watu husema viazi mviringo, wengine viazi ulaya, Unguja husema mbatata, Mkenya atakwambia waru. Kiazi ni kimoja. Sasa hiki chako kinajua kimoja au hakijui hata kimoja?"

Kisha akaleta jambo la pili, lililo gumu zaidi. Pilipili hoho. Sokoni Muheza ni ile kubwa isiyowasha, ya kuweka kwenye kachumbari. Katika kamusi za zamani ni ile nyekundu inayowasha. Neno moja, mazao mawili kwa mpishi.

Na la tatu ndilo lililonikalisha mpaka usiku. Wakulima wengi huita kila ugonjwa wa mihogo batobato. Batobato yenyewe huonekana kwenye majani: mabaka ya njano, majani yanajikunja na kudumaa. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa mwingine. Shina na majani yanaweza kuonekana mazima, mkulima akavuna na kukuta muhogo umeoza kwa ndani, kahawia na mgumu kama kizibo. Yote mawili huenezwa na inzi weupe na kwa kupanda pingili zenye ugonjwa, lakini anayeangalia majani tu akadhani shamba ni salama atagawa pingili za michirizi kwa majirani zake. Jina likikosewa, ugonjwa unasafiri.

Inaniuma zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Ugonjwa wa kwanza ulielezwa kitaalamu mwaka 1894, huku huku Usambara, kwa jina la Kijerumani. Wa pili ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey akiwa Amani, ambayo iko katika wilaya yetu hii. Magonjwa yote mawili yaliingia katika vitabu vya dunia kutokea kwenye milima ninayoiona dirishani. Majina yake ya hapa yanastahili kuwa ndani ya faili hili.

Ila HDT haihaririki. Ndiyo bei ya kubanwa hivyo: ukiongeza neno moja katikati ya kamusi, namba zote zinazofuata zinasogea. Nimepanga hivi. Faili kubwa la AGROVOC halitaguswa. Pembeni yake kutakuwa na faili dogo la pili, majina.hdt, lenye majina yetu tu, kila moja likielekezwa kwenye anwani ile ile ya AGROVOC. Ninayaandika katika Turtle kwa mkono, na kila Ijumaa ninalibana upya lote. Ni dogo, linabanwa kabla hujakunja mkono. Programu inauliza mafaili yote mawili na kuunganisha majibu. Kwa kuwa anwani ni moja, kuunganisha hakuhitaji ujanja wowote. Kwa kazi hii ndipo data unganishi inapoonyesha maana ya jina lake.

Mzee amenitajia majina ishirini na tatu kabla ya kuondoka. Viwavijeshi ameyataja mara mbili, kwa sababu wale wa zamani, Spodoptera exempta, si hawa vamizi, Spodoptera frugiperda, ambao waliripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Dhana mbili, anwani mbili. Pilipili hoho nimeielekeza kwenye dhana zote mbili. Mtumiaji ataona zote na kuchagua.

Alhamisi, 27 Machi

Mtu akiandika "mah" aanze kuona mapendekezo. Kamusi ya HDT imepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo kazi hii inaiweza kwa asili yake, na katika C++ kuna kitendo kinachoitwa getSuggestions. Sikukiona upande wa Python, nikaandika programu ndogo ya C++ inayopokea herufi na kurudisha orodha. Jambo la kukumbuka: ni lazima uanze na alama ya nukuu, yaani "mah yenye nukuu mbele, la sivyo utakuwa unatafuta kwenye anwani. Majibu huja ya lugha zote tatu yamechanganyika. Nabakisha yenye @sw, kisha yaliyobaki chini yake.

Hapa ndipo nilipoona mpangilio wa neno na ngeli una pande mbili. Anayeandika "viwavi" anapata. Anayeandika "kiwavi" hapati, kwa sababu mwanzo ni tofauti. Nimeongeza umoja na wingi wa kila jina kwenye majina.hdt badala ya kutunga kanuni za sarufi. Ni kazi ya mkono, ila haina makosa.

Nimesoma usiku kwamba mwaka 2017 watafiti walikusanya kauli zaidi ya bilioni 28 kutoka sehemu mbalimbali za wavuti wakaziweka kwenye faili moja la HDT linaloulizika. Langu ni tone mbele ya hilo. Lakini limenipa imani kwamba umbizo hili halitanishinda nikiongeza data nyingine baadaye.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita. Nimempelekea Mzee flashi mbili, kila moja ina agrovoc.hdt, indeksi yake, majina.hdt na indeksi yake, na programu. Ameondoka na afisa ugani, dada mmoja anayeshika vijiji vya njia ya Amani, na laptopu yake ya kazi. Mvua za masika zimeanza, sikwenda nao.

Wamerudi jioni na matope mpaka magotini. Dada ameniambia kwamba mahali walipokaa hapakuwa na mtandao kabisa, na alipoandika batobato ilikuja, na chini yake ikaja michirizi ya kahawia kama dhana inayohusiana, kwa sababu niliziunganisha mwenyewe Ijumaa ile. Wakachimba shina moja la muhogo pale pale, wakaukata. Ndani ulikuwa na kahawia. Mwenye shamba alikuwa ameshafunga pingili za kumpa shemeji yake.

Daftari limerudi na majina kumi na moja mapya. Manane nimeyapatia anwani usiku huu. Matatu ni ya wadudu, na Mzee mwenyewe hana hakika ni wale wale au ni watatu tofauti. Nimeacha mistari yao wazi kwenye Turtle. Ameahidi kuniletea wadudu wenyewe kwenye chupa.